Choya ikigeuka manjano, tazama mizizi na kalenda kabla ya kushika bomba

Kila mvua za masika zinapofika katikati, ujumbe wa aina moja huanza kuingia kwenye vipindi vya kilimo. Choya iliota vizuri, ikafika magotini, halafu majani ya chini yakageuka manjano. Au imetoa maua ikiwa bado fupi kama mche wa nyanya. Au majani yamejaa vitobo kama chujio. Swali la mwisho karibu kila mara ni moja: "Nipulize dawa gani?"

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kulirudisha hatua kadhaa nyuma. Kwenye choya, dawa ya kupuliza ndiyo kitu cha mwisho kufikiria, na kwa mkulima mdogo mara nyingi haitakiwi kabisa. Sehemu unayoipulizia ndiyo hiyo hiyo utakayoivuna, uikaushe, uiloweke kwenye maji na kumpa mtoto anywe. Na matatizo mengi yanayoitwa "ugonjwa" wa choya hayatokani na mdudu wala kirusi. Yanatokana na tarehe ya kupanda na maji yaliyokaa kwenye mizizi.

Mmea huu ni ndugu wa nani?

Choya, wengine wakiita rozela, kwa jina la kitaalamu ni Hibiscus sabdariffa. Ni jamii moja na haibiskasi, lile ua kubwa jekundu linalopandwa uani na kwenye uzio. Ni jamii moja pia na bamia na pamba. Ukilitazama ua la choya asubuhi, lenye rangi ya njano iliyopauka na kitovu chekundu kilichokolea, kisha ukalitazama ua la bamia, hutahitaji mtaalamu wa kukueleza kuwa ni ndugu.

Tunachokiita "ua la choya" sokoni si ua hasa. Ua lenyewe huchanua siku moja tu, hunyauka jioni na kudondoka. Kinachobaki ni kikombe kilicholishika ua, ambacho hunenepa, hujaa maji na kuwa chekundu huku kikikumbatia tunda lenye mbegu. Hicho kikombe ndicho kinachovunwa. Sudan na Misri kinywaji chake kinaitwa karkade, Senegal bissap, Nigeria zobo, na Jamaica hakuna Krismasi bila jagi lake mezani. Kwetu, choya kavu inauzwa masokoni Dodoma na Dar es Salaam, na wapo akina mama wanaoitengeneza juisi, jamu na hata mvinyo.

Undugu wake na pamba na bamia una maana shambani, kwa sababu ndugu huliwa na wadudu wamoja na kuugua maradhi yanayofanana. Wakulima wa huku kusini tuna sababu ya kutoyajua vizuri maadui haya. Pamba hailimwi Ruvuma na mikoa mingine ya kusini kwa zuio la serikali, lililowekwa ili funza mwekundu wa pamba asivuke kutoka nchi jirani na kufika kwenye mashamba ya kanda ya ziwa. Zuio hilo ni la pamba. Lakini wadudu wengine wa ukoo huo wapo, na wakikosa pamba huishi kwenye bamia, kwenye choya na kwenye haibiskasi ya uani kwako.

Mmea unaohesabu urefu wa mchana

Tuanze na tatizo linalopoteza mavuno mengi kuliko mdudu yeyote: choya kuchanua ikiwa fupi.

Choya haitoi maua kwa sababu imefikisha umri fulani tu. Inapima urefu wa mchana, au tuseme kwa usahihi zaidi, urefu wa usiku. Usiku unaporefuka, mmea unapata ishara kwamba wakati wa kuzaa umefika, na huacha kurefuka na kuweka nguvu kwenye maua. Madaba ipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu mrefu kabisa, mwezi Desemba, ni kama saa 12 na dakika 40. Mchana mfupi kabisa, mwezi Juni, ni kama saa 11 na nusu. Tofauti inazidi saa moja kidogo tu. Binadamu hatuioni, lakini choya inaiona.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya mvua zetu za msimu mmoja, zinazoanza mwishoni mwa Novemba na kukatika Aprili au Mei. Aliyepanda mvua za kwanza, Novemba mwishoni au Desemba, anaipa choya miezi mitatu ya kukua kabla mchana haujafupika. Ikifika Machi mmea una urefu wa mtu na matawi mengi, na kila tawi litabeba maua. Aliyepanda Februari baada ya kumaliza palizi ya mahindi anakuwa na mche wa mwezi mmoja pale ishara inapokuja. Mche huo utatii ishara. Utachanua ukiwa na urefu wa goti, utatoa vikombe vichache, na mwenyewe atasema mbegu ilikuwa mbovu au udongo umechoka.

Hakuna mbolea wala dawa ya majani itakayorekebisha hilo. Ukiona choya yako fupi imeanza vitumba mwezi Aprili, ivune ilivyo, weka mbegu, na uandike tarehe kwenye daftari.

Kosa la namna hii hufanyika pia bondeni. Watu wenye bustani za kiangazi, zile ambazo majirani zetu wa Njombe na Iringa huziita vinyungu, hujaribu kupanda choya Mei au Juni kwa kuwa maji yapo. Hapo mmea unakutana na mambo matatu kwa pamoja: mchana mfupi, udongo uliolowa, na baridi ya Juni na Julai. Choya ni mmea wa joto. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 14 hivi, ukuaji wake husimama. Kinyungu kipandwe kabichi na njegere, choya isubiri Novemba.

Jambo dogo linaloingia hapa hapa: shina la choya lililo karibu na taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha linaweza kuchelewa kuchanua au lisichanue kabisa, wakati mashina ya nyuma ya nyumba yamejaa vikombe. Taa inaudanganya mmea kwamba usiku ni mfupi. Kwa hiyo kabla hujaling'oa shina tasa, tazama juu kama kuna balbu.

Ng'oa mche mmoja

Majani yakianza kugeuka manjano au mmea ukinyauka mchana wakati udongo una maji, fanya jambo ambalo wakulima wengi huliogopa: toa kafara mche mmoja. Chimba kwa jembe pembeni yake, uutoe na mizizi yote, uitikise na kuisuuza kwenye ndoo. Kile utakachokiona kitakueleza zaidi ya majani yote ya shamba.

Kama shina, pale linapokutana na udongo, limekuwa la kahawia au jeusi, laini, na ganda linavuliwa kwa ukucha, hiyo ni kuoza kwa shina na mizizi. Inasababishwa na vimelea wa ukungu wanaosafiri kwenye maji, na hawashindi mpaka maji yakae. Choya huvumilia udongo maskini na ukame wa wiki mbili tatu, lakini haivumilii kusimama kwenye tope. Mwaka wa mvua nyingi, sehemu tambarare za shamba ndizo zinazoanza. Mche uliofika hapo hauponi, na kuumwagia dawa ni kupoteza pesa. Ung'oe, uuchome au uufukie mbali, chimba mifereji maji yatoke, na jembe ulilotumia lisuuze kabla hujahamia mistari mingine. Msimu unaofuata panda juu ya tuta, kama unavyopanda viazi vitamu. Tuta la urefu wa shubiri moja na nusu linatosha kuubadilisha mwaka mzima.

Kama mizizi ina mafundo na uvimbe, hao ni minyoo fundo. Hapa wakulima wa maharage hujikanganya, kwa sababu wamefundishwa kuwa vifundo kwenye mizizi ni baraka, ni bakteria wanaotengeneza nitrojeni. Kwa maharage, soya na karanga ni kweli. Choya si jamii ya kunde, kwa hiyo uvimbe wowote kwenye mizizi yake si rafiki. Ukitaka kutofautisha, kifundo cha maharage kinabanduka kwa ukucha na kuacha mzizi mzima, wakati uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa na haubanduki.

Minyoo hii ni midogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho, na hukaa udongoni ikisubiri mwenyeji mwingine. Inapenda nyanya, bamia na tumbaku. Mkulima wa Ruvuma anayepanda choya kwenye eneo lililotoka kulimwa tumbaku au bustani ya nyanya anaipeleka mezani kwa minyoo. Baada ya mahindi hali huwa afadhali, na baada ya karanga mara nyingi huwa nzuri zaidi. Samadi iliyooza vizuri nayo husaidia, kwa sababu huleta viumbe wengine udongoni wanaoila au kuibana minyoo hiyo.

Na kama mizizi ni safi, meupe, na shina ni gumu? Basi majani ya manjano ya chini yana sababu nyepesi. Huenda ni nitrojeni imekwisha, hasa kwenye udongo wa kichanga baada ya mvua kubwa. Huenda pia ni uzee tu. Choya iliyoanza kuzaa huacha majani yake ya chini taratibu, na mwezi Mei shamba zuri kabisa linaweza kuonekana nusu uchi. Huo si ugonjwa.

Mbolea ya mahindi na tamaa ya kijani

Tangu mbolea ya ruzuku ianze kutolewa, kaya nyingi hubaki na urea kidogo baada ya kukuzia mahindi, na choya iliyo pembeni hupata makombo. Matokeo yake yanapendeza macho: mmea mrefu, kijani kizito, majani makubwa. Vikombe vichache. Nitrojeni nyingi huuambia mmea uendelee kutengeneza majani, na matawi marefu laini huvutia vidukari na kuanguka upepo ukivuma.

Konzi mbili za samadi iliyooza kwenye kila shimo wakati wa kupanda zinatosha kwa udongo wa wastani. Kama mche ni dhaifu, ongeza mbolea kidogo ya kukuzia kati ya wiki ya nne na ya sita, kisha acha. Vitumba vikishaonekana, usiweke tena.

Kinachoongeza vikombe kuliko urea ni nafasi na kukata kilele. Mbegu zilowekwe usiku mmoja, zipandwe mbili tatu kwa shimo, na miche ipunguzwe ibaki mmoja. Kati ya shina na shina acha karibu mita moja, au sentimita 60 kama udongo ni hafifu. Mche ukifika urefu wa paja, kata ncha yake. Utatoa matawi ya pembeni, na kila tawi ni mstari mwingine wa vikombe. Ncha ulizokata usizitupe: majani machanga ya choya ni mboga chachu nzuri sana na karanga za kusaga.

Wadudu wa kweli ni wachache

Vitobo vidogo vya mviringo kwenye majani ni kazi ya mbawakavu wadogo wanaoruka kama viroboto ukiwasogelea. Wanatisha kwa macho kuliko kwa madhara. Mche wenye majani manne ukishambuliwa sana unaweza kufa, kwa hiyo wiki tatu za kwanza ndizo za kuangalia. Majivu makavu yakinyunyizwa asubuhi kwenye umande huwapunguza. Mmea ukishafika kiunoni, waache. Utatoa majani mapya haraka kuliko wanavyokula.

Vidukari hukaa chini ya majani machanga na kwenye vitumba, wakifyonza maji ya mmea na kuacha utomvu unaonata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina kama watu wa gulio, vidukari au vidung'ata wapo juu. Sisimizi huwachunga kama ng'ombe: wanakula utomvu ule mtamu na kuwafukuza wadudu wanaotaka kuwala. Sabuni ya kawaida ya maji, vijiko viwili vya chai kwenye lita moja ya maji, ikipulizwa jioni chini ya majani na kurudiwa baada ya siku nne au tano, huwaua kwa kuziba njia zao za hewa. Lazima imguse mdudu mwenyewe. Kupuliza hewani juu ya shamba hakufanyi kitu.

Kangambili ni yule kunguni mwekundu mwenye alama nyeusi, anayetembea kwa makundi, mara nyingi wawili wameshikana mkia kwa mkia. Huyu anatafuta mbegu. Hutoboa tunda na kuifyonza mbegu ikiwa changa, na kwenye majeraha yake huingia ukungu unaochafua kikombe. Anakuja matunda yanapokomaa, kwa hiyo anayevuna mapema humkwepa kwa sehemu kubwa. Asubuhi kukiwa na baridi hana wepesi. Watoto wakipewa kopo lenye maji ya sabuni na kuambiwa watikise matawi, shamba la robo eka linaweza kusafishwa kabla ya saa mbili.

Vidung'ata, wale wanaoonekana kama vipande vya pamba nyeupe kwenye vifundo vya shina, ndio wagumu zaidi. Yupo mmoja anayejulikana duniani kwa jina la kidung'ata wa waridi wa haibiskasi. Alipoingia kisiwa cha Grenada huko Karibiani mwaka 1994, alivamia haibiskasi za bustani, miti ya matunda na mazao ya chakula, na nchi jirani zikaanza kukataa mazao ya kisiwa hicho. Dawa za kupuliza hazikufua dafu, kwa sababu mwili wake umefunikwa na nta. Walioleta nafuu ni nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata, na aina ya bibimbegu ambaye chakula chake ni vidung'ata, walioletwa makusudi kutoka nje na kuachiliwa.

Somo lake kwetu ni la kawaida kabisa. Shambani na uani kwako tayari wapo bibimbegu, buibui na nyigu wadogo wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Dawa kali ikipita, hao ndio hufa kwanza, na kidung'ata aliyejificha chini ya nta anabaki bila adui. Tawi likijaa vidung'ata, likate na ulichome. Shina zima likijaa, ling'oe. Kupoteza shina moja ni nafuu.

Kwa nini bomba likae stoo

Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, karibu kila mkulima wa mahindi amekuwa na chupa ya dawa nyumbani, na mara nyingi hubakia robo. Jirani akisema choya yake ina wadudu, chupa hiyo huazimwa. Hapa ndipo hatari halisi ilipo, na inafaa kuieleza hatua kwa hatua.

Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Kwa mahindi ni rahisi kuzitii, kwa sababu shamba zima linakomaa pamoja. Choya haikomai pamoja. Tawi moja lina ua lililochanua leo, kikombe cha wiki moja, na kingine cha wiki tatu kilicho tayari kuvunwa. Unavuna kila wiki, kwa wiki sita au zaidi. Kwa hiyo tangu ua la kwanza lichanue, hakuna siku unayoweza kupuliza ukawa na nafasi ya kusubiri. Kikombe kipo kila siku, na kila siku kinakaribia mdomoni.

Kisha inakuja hesabu ya kukausha. Kilo kumi za vikombe vibichi hutoa karibu kilo moja kavu. Maji yanaondoka, lakini mabaki ya dawa hayaondoki yote nayo. Kile kilichokuwa kimetawanyika kwenye kilo kumi sasa kimo kwenye kilo moja. Nyanya unaiosha, ndizi unaimenya, lakini choya kavu unaiweka kwenye maji ya moto ili kila kilichomo kitoke. Lebo ya dawa ya mahindi haikuandikwa ikimfikiria mtu huyo anayekunywa.

Kama kweli kuna shambulizi ambalo sabuni na mikono vimeshindwa, mwite afisa ugani wa kata aje aone, akiwa na mche mkononi na si kwa maelezo ya simu peke yake. Muulize kama dawa anayoishauri imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na imesajiliwa kwa zao gani. Na kama choya imeshaanza kuchanua, jibu la uhakika ni kutopuliza.

Haibiskasi ya uani

Ndugu yake wa mapambo ana shida zinazofanana, ila yeye haliwi na haondoki baada ya msimu, kwa hiyo tunaweza kwenda haraka. Vitumba vikidondoka kabla ya kuchanua, mara nyingi mmea umekosa maji kwa siku kadhaa kisha ukamwagiwa mengi kwa pamoja. Majani ya manjano mwezi Julai ni baridi, na yataacha yenyewe joto likirudi Septemba. Maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo mwenye kupunguza uzio wake kila mwezi kwa panga anakata maua yake mwenyewe. Punguza mara moja kwa nguvu, Septemba au Oktoba, kisha uuache.

Kuzalisha ni kwa kipande cha tawi chenye unene wa penseli na urefu wa kiganja. Toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, wakati wa mvua. Wiki sita hivi kitakuwa na mizizi. Na anayetaka kitu cha kwetu, ipo haibiskasi yenye ua jekundu linaloning'inia kama hereni, petali zake zimechanika chanika kama shada. Hiyo asili yake ni Kenya, Tanzania na Msumbiji. Inauzwa Ulaya kwa bei ya ua la kigeni, na huku wengi hawajui kuwa ni ya nyumbani.

Mavuno yanaharibikia kwenye turubai

Mwaka 2017 Mexico, nchi inayonunua choya nyingi kwa kinywaji chake cha kila siku, ilisimamisha kwa muda ununuzi kutoka Nigeria kwa sababu ya wadudu wa ghalani waliokutwa kwenye mizigo. Wakulima waliolima vizuri walipata hasara pamoja na waliolima vibaya. Kwa kiwango chetu, mnunuzi wa Songea au Makambako akifungua kiroba na kuona ukungu au mchanga, naye hufunga kiroba na kuondoka.

Vuna kikombe wiki mbili hadi tatu baada ya ua kudondoka, kikiwa kimenenepa na bado kinavunjika kwa mkono. Kikianza kukauka kwenye shina, kangambili na ukungu wameshawahi. Toa tunda la katikati siku hiyo hiyo kwa kisu kidogo au kipande cha bomba jembamba lenye makali, ukisukuma kutoka chini. Suuza haraka kwa maji safi, usiloweke, kwa sababu rangi na uchachu huondoka na maji.

Kaushia juu ya chanja yenye wavu, kwa tabaka jembamba, mahali penye upepo na kivuli chepesi au chini ya kitambaa cheupe. Jua kali la moja kwa moja hupausha wekundu. Usianike kwenye lami. Barabara ya Njombe na Songea inapita katikati yetu na lami yake ina joto zuri, lakini ina vumbi, mafuta na moshi wa malori, na choya inanasa vyote. Aliyepanda Desemba anavuna Aprili mwishoni na Mei, mvua zikiwa zinakatika, na siku nne tano zinatosha. Aliyechelewa anaanika kwenye ukungu wa Juni, na hapo lazima aingize ndani kila jioni.

Imekauka pale kikombe kinapovunjika ukikikunja. Kikijikunja kama ngozi, bado. Ifungashe kwenye mfuko usiopitisha hewa, juu ya ubao na si sakafuni. Ukiipika, tumia sufuria ya chuma kisicho na kutu au ya enameli, maana uchachu wake hula alumini. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amwambie daktari wake kama anakunywa choya kila siku, kwa sababu kinywaji hiki nacho hushusha presha kwa kiasi. Na ule wekundu ni rangi ya mmea. Mwenye upungufu wa damu aende kituo cha afya.

Mbegu zichukuliwe kwenye mashina mawili matatu ya katikati ya shamba, yaliyokuwa na afya na matawi mengi. Yaache bila kuvunwa mpaka matunda yawe ya kahawia na kuanza kupasuka, kisha yakate kabla mbegu hazijamwagika. Changanya mbegu na majivu makavu, weka kwenye chupa yenye kifuniko, na uandike juu yake mwezi wa kupanda: Novemba mwishoni.